Reli Ilikuwa Tupu

1

Asubuhi kiberenge kilipomgonga Osia Mahenge, Lusungu Mgaya aliapa mbele ya polisi kwamba reli ilikuwa tupu.

Hakusema uongo. Alikuwa ametoka stesheni ya Ihanu saa moja na nusu, amebeba mafundi wawili na masanduku ya nati, kwenda kukagua njia hadi daraja la pili. Ukungu ulikuwa umeshapanda juu ya msitu wa mipaina. Kutoka kwenye kiti chake aliiona njia yote mpaka pale inapokata kona: vyuma viwili vinang'aa, mataruma yamepangana, kokoto za kijivu huku na huku. Alipiga honi kama anavyofanya kila akikaribia kona. Kisha kukawa na kishindo, kiberenge kikaruka mbele kama kimepanda jiwe, na kitu kizito kikaviringika upande wa kushoto.

Alifunga breki, akashuka, akarudi nyuma kwa miguu. Ndipo alipomwona mtu amelala ubavu kwenye kokoto, kofia yake ya kazi imetupwa mbali. Aliwauliza mafundi wake huyu mtu ametokea wapi. Wao walikuwa wamekaa wakitazama walikotoka, hawakuona chochote.

Osia alikuwa mtu wa gengi la matengenezo, mwenye miaka thelathini na sita. Siku ile alitangulia peke yake kukaza nati kwenye kiungo cha reli, wenzake wakiwa bado wanateremsha vifaa upande wa pili wa kona. Masikioni alikuwa na vifuniko vya kuzuia kelele. Polisi waliandika yote hayo. Halafu wakamgeukia Lusungu, naye akasema alichokiona: njia ilikuwa tupu, mtu hakuwepo, kisha akawepo. Walimwuliza mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia, lakini maneno hayakubadilika.

Macho yake yalipimwa mchana huohuo, kama kanuni ilivyotaka kwa kila dereva mwenye utando wa bandia machoni. Alisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho. Kwa hiyo yakabaki maelezo ya aina moja tu. Ikiwa njia ilikuwa tupu na dereva anaona vizuri, basi marehemu alikuwa amejificha kichakani kando ya reli na alijirusha mwenyewe. Mwenzake mmoja akakumbuka kwamba Osia alikuwa amepoa sana tangu kaka yake afariki. Taarifa ya awali iliandikwa kabla jua halijazama, na Ihanu nzima ikawa inaijua.

2

Lusungu alikuwa na miaka arobaini na minane, na kisukari alikuwa nacho miaka kumi na tisa. Alijichoma sindano yake asubuhi na jioni, alikagua nyayo zake kila siku akitafuta kidonda asichokisikia, na mfukoni hakukosa peremende za kumwokoa sukari ikishuka. Aliamini anafanya kila alichoambiwa. Macho yalimwacha taratibu kiasi kwamba hakujua yanaondoka.

Kwanza vilikuja vijiuzi vyeusi, kama masizi ya jikoni, vikielea kila alipogeuza jicho. Alivipangusa kwa leso, akabadilisha sabuni, akalaumu vumbi la reli. Kisha vyuma vikaanza kupinda. Alikuwa akitazama njia aliyoiendesha miaka kumi, njia iliyonyooka kama rula, akaona chuma cha kulia kimevimba katikati. Nyumbani alimimina chai ikafurika mezani kwa sababu hakuona ukingo wa kikombe. Alishindwa kusoma tarakimu kwenye kalamu ya insulini, akawa anahesabu milio yake kwa sikio, na mara mbili alihesabu vibaya akaanguka. Nguo nyeusi na za bluu zikawa kitu kimoja. Watu akawatambua kwa sauti, maana kila uso ulikuwa na shimo jeusi mahali pa pua na mdomo. Halafu siku moja damu ikavujia ndani ya jicho la kulia, na dunia ikaonekana kama mtu anaitazama kupitia chupa ya kahawia.

Daktari alimweleza kwamba sukari ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mingine ilivuja, mingine iliziba, na mwili ulipojaribu kuotesha mipya, hiyo mipya ilikuwa dhaifu na ikapasuka. Alichomwa leza, akachomwa sindano ndani ya jicho lenyewe. Vilichelewesha tu. Kazini alipokonywa ufunguo wa kiberenge. Kwa miezi kumi na minne alikaa ndani ya nyumba yake mwenyewe akipapasa kuta, akiogopa ngazi mbili za mlangoni kuliko alivyowahi kuogopa korongo lolote la reli ile.

Ndipo ukaja utando. Ulikuwa mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, na ulibandikwa nyuma ya jicho, pale picha inapopokelewa. Mahali seli zilipokuwa hai, ulisoma mwanga. Mahali zilipokufa, ulitazama seli za jirani na kuziba pengo, kama fundi anavyoshona tundu la sweta kwa uzi wa rangi ileile. Siku ya tatu bandeji ilipotolewa, Lusungu aliuona uso wa muuguzi ukiwa mzima, na chunusi moja kidevuni. Alilia mpaka wakamkataza asisugue macho. Nchini walikuwepo watu elfu sita na mia mbili waliorudishiwa kuona kwa njia hiyo. Baada ya miezi minne ya kupimwa, yeye alirudishiwa ufunguo wake.

3

Kesho yake ajali ikiwa bado inazungumzwa kila mahali, alikwenda msibani. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Badala yake wanawake waliokaa kwenye mikeka walimsogezea nafasi, wakampa pole. Walimhurumia, yeye ambaye mtu alimtumia kujiulia. Huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

Pale mkekani alisikia yaliyoamuliwa. Mchungaji alikuwa ametuma ujumbe kwamba jeneza halitaingia kanisani. Osia hatazikwa karibu na baba yake kwenye makaburi ya kanisa. Kaburi lingechimbwa chini, karibu na kijito, nyuma ya mikaratusi, na ukoo ungejiombea wenyewe kama ungetaka. Baba mdogo wa marehemu alikwenda mara mbili kubembeleza, akarudi mara mbili kichwa chini.

Mjane, Adela, alimwita Lusungu chumba cha ndani. Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti imemkauka.

"Dada, mimi sikulaumu," alisema. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Wewe ndiye uliyemtazama wa mwisho. Alikuwa na uso gani?"

Adela alimsogelea.

"Alikuwa na hasira? Alikuwa analia? Asubuhi ile amekunywa uji hapa, ameniambia jioni nimchemshie maji ya kuoga mapema kwa sababu ana mazoezi ya kwaya. Mtu anayekwenda kujiua anaomba maji ya kuoga? Au mimi ndiye nilikuwa sioni? Nimekaa naye miaka kumi na miwili, dada. Niambie tu alikuwaje, nijue nilikosea wapi."

Lusungu aliutafuta uso huo. Alifumba macho akaitazama tena asubuhi ile. Aliona mataruma. Aliona kokoto, na mfuko mweupe ulionasa kwenye nyasi. Uso haukuwepo. Mgongo haukuwepo, wala mkono, wala rangi ya koti la kazi, ambalo ni la njano kali iliyotengenezwa makusudi mtu asikose kuonekana. Mtu anayejirusha kutoka kichakani huonekana japo kwa kufumba na kufumbua. Huyu hakuonekana hata kidogo.

Alisema mambo yalikwenda haraka. Adela akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kuja.

4

Alirudi nyumbani alasiri, akaketi mezani kupima sukari. Meza ilitandikwa kitambaa cha miraba, myekundu na myeupe. Alijitoboa kidole, akasoma kipimo, akakiweka mezani karibu yake. Sukari ilikuwa juu. Akanyanyua macho kwenye kikombe kilichokuwa upande wa mbali wa meza akifikiria maneno ya Adela, na bado akikitazama kikombe, alinyoosha mkono kuchukua kipimo. Kipimo hakikuwepo.

Hapakuwa na giza mahali pale. Palikuwa na miraba, mwekundu, mweupe, mwekundu, imekwenda sawasawa bila kukatika. Lakini vidole vyake viligusa plastiki. Alishusha macho, na kipimo kilikuwa pale, chini ya mkono wake.

Kisha akachukua kijiko. Akakazia macho kikombe, akakisogeza kijiko polepole juu ya kitambaa kuja kwake. Kikaanza kuliwa kutoka kwenye ncha. Kikaisha chote, na miraba ikabaki. Akaendelea kusukuma, kikatokea upande wa huku kikiwa kizima. Alifumba jicho moja, akarudia. Akafumba la pili, akarudia. Mwisho aliuweka mkono wake mwenyewe. Mkono ulikwenda mpaka kifundo, na mbele ya kifundo palikuwa na kitambaa safi, kimepangwa vizuri.

Shimo lilikuwa chini kidogo ya pale anapotazama. Hapa mezani lilimeza kiganja. Alipiga hesabu ya reli kichwani, kama dereva yeyote anavyojua kupiga. Kwa hatua mia, huku jicho limekazwa kwenye kona, mtu mzima aliyepiga magoti angeingia humo na nafasi ikabaki.

Zamani, kabla ya utando, shimo lilikuwa jeusi. Jeusi lile lilimtia hofu, lakini angalau lilimwambia: hapa huoni, punguza mwendo, uliza. Sasa lilikuwa limejazwa kokoto na mataruma, na hakuna aliyemwambia kitu.

5

Daktari Vumilia Sanga ndiye aliyembandika utando, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na alimpenda Lusungu kama mafundi wanavyoipenda kazi iliyokubali. Alishangaa kumwona kesho yake akikunjua kitambaa cha meza na kuweka kijiko juu ya dawati. Alipomwona anavyofanya, hakushangaa tena. Alimpeleka kwenye mashine, akamwonyesha nukta za mwanga juu ya picha ya majani, akamtaka abonyeze kitufe kila anapoiona nukta. Nukta thelathini na moja zilipita bila kubonyezwa.

Daktari alizima mashine, akaeleza bila kumtazama. Utando ulitengenezwa kuziba mapengo madogo, kila moja dogo kuliko chembe ya chumvi. Lakini kisukari hakikusimama siku ulipobandikwa. Chini yake seli ziliendelea kufa, mapengo yakaungana, na utando ukaendelea kuziba kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee uliyofundishwa. Hakuna aliyeufundisha kusema sijui. Ubao wa herufi haukuweza kugundua, maana mgonjwa anayesoma huhamisha jicho kuifuata herufi, na kuizunguka herufi ni weupe mtupu. Ukijaza weupe kwa weupe, hakuna anayeona kosa.

Lusungu aliuliza kama watu wengine wanayo mashimo kama yake. Daktari alisema wote wenye kisukari watayapata, baadhi wameshayapata, na wao ndio karibu watu wote wenye utando. Akauliza itakuwaje taarifa ikipelekwa. Daktari alisema kanuni ni moja. Chombo kikishahusishwa na kifo, kinazimwa nchi nzima mpaka kitengenezwe kingine. Hiyo ni miaka mitano, pengine minane. Kwa wagonjwa wengi, macho yaliyo chini hayatangoja hadi hapo.

"Mama, nikuambie ninachoweza," alisema kwa sauti ya chini. "Naweza kukuandikia leo kwamba huendeshi tena, kwa sababu ya ganzi ya miguu. Ni kweli unayo. Madereva wengine wenye utando ni tisa, nitawaita mmoja mmoja na wote nitawaandikia hivyohivyo. Hakuna mtu mwingine atakayegongwa. Na watu elfu sita wataendelea kuona nyuso za watoto wao."

"Na Osia?"

"Osia amekufa."

"Amezikwa leo asubuhi nyuma ya mikaratusi," Lusungu alisema. "Kwa neno langu."

Daktari alikunja kitambaa, akamrudishia. Alisema yeye si mtu mbaya na hatamzuia. Lusungu akiandika maelezo yake, daktari mwenyewe atayapeleka kunakohusika. Lakini alimwomba atafakari siku chache kwanza, na kabla hajaandika, amtafute mtu mmoja kati ya hao elfu sita amtazame usoni.

6

Alimjua mmoja. Mwalimu Tito Kaduma alilazwa kitanda cha jirani yake wiki ile ya utando. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, kisukari kilikuwa kimemla vidole viwili vya mguu, na kwa miaka mitano alikuwa hajasoma hata jina lake. Bandeji zake zilipotolewa aliomba karatasi yoyote, wakampa maelekezo ya kuosha mikono, akayasoma kwa sauti mara nne. Sasa alikuwa amerudi kufundisha Kiswahili darasa la sita.

Lusungu alimkuta kwenye baraza ya shule wakati wa mapumziko. Alimsalimu shikamoo, akakaa kwenye benchi, akamwambia yote: kijiko, kokoto, mikaratusi, maneno ya daktari. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Lusungu alipoanza kukunjua kitambaa ili naye ajipime, alimshika mkono.

"Usinionyeshe," alisema.

Uwanjani watoto walikuwa wanacheza rede.

"Ulikuja nikuruhusu," Mwalimu alisema baadaye. "Sitakuruhusu. Kukukataza pia sitakukataza, kwa sababu naona nikikukataza utatii, halafu mimi ndiye nitakayemfukia yule kijana mara ya pili. Lakini usinidai niwe mwema, Lusungu. Nimekaa gizani miaka mitano. Mke wangu alikufa katika miaka hiyo na sikumwona uso wake wa mwisho. Mimi nataka kusoma kesho. Na kesho kutwa. Ukiniuliza, jibu langu ni hilo."

Akasimama, akashika ukingo wa baraza, akateremka ngazi akiwa anazitazama moja moja. Lusungu aliona kwamba hakuikanyaga ya mwisho vizuri. Mguu ulitua hewani, akayumba, akajishika. Aliona pia kwamba Mwalimu mwenyewe amejua, na kwamba hakugeuka nyuma makusudi.

Siku nne hakuandika chochote. Alizunguka nyumba akitazama vitu: masizi juu ya jiko, maandishi kwenye mfuko wa unga, mishipa ya mkono wake. Alitoka nje kutazama mvua inavyopiga mabati. Alijiambia kwamba Osia hasikii wala hajui amelala wapi. Alijiambia kwamba Adela ni mmoja na wao ni elfu sita, na hesabu hiyo hata mtoto angeiweza. Kila alipofika hapo alisikia lile swali la uso, na kuona kwamba mwanamke yule angeishi maisha yake yote akijichunguza amekosea wapi, huku anayejua jibu akiishi kilomita tatu kutoka kwake, anatazama mvua.

Siku ya tano aliandika kurasa mbili, kwa mwandiko mkubwa.

7

Kamati ya uchunguzi wa ajali ilikaa kwenye chumba cha kungojea abiria cha stesheni ya Ihanu, siku ya kumi na sita tangu ajali. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mtu mzima, na wenzake wawili walitoka makao makuu. Walikuja kufunga jalada. Adela alikaa nyuma kabisa pamoja na baba mdogo wa marehemu, kanga nyeusi mabegani, kama mtu aliyeitwa kusikiliza hukumu yake.

Lusungu aliitwa athibitishe maelezo yake ya kwanza. Mwenyekiti alimsomea: reli ilikuwa tupu.

"Naomba kufuta neno hilo," alisema. "Reli haikuwa tupu. Osia Mahenge alikuwa amepiga magoti kazini kwake, amevaa koti lake la njano, na sikumwona. Nina shimo kwenye macho. Shimo hilo linanichorea vitu ambavyo havipo na kunifichia vilivyopo. Nilisema nilichoona, lakini nilichoona hakikuwa kweli."

Mwenyekiti alimtahadharisha kwamba maneno hayo yanaweza kumpeleka mahakamani. Lusungu alisema anajua. Akatandika kitambaa chake juu ya meza yao, akaomba mmoja wao asimame mbele yake ahakikishe macho yake hayasogei, na mwingine aweke vitu apendavyo. Waliweka muhuri wa stesheni. Waliweka saa ya mwenyekiti, kisha simu, kisha kofia nzima ya mlinzi. Kila mara waliuliza anaona nini, na kila mara alijibu kwamba anaona miraba. Daktari Sanga, aliyekuwa amekuja na zile kurasa mbili za Lusungu, alisimama akasoma taarifa yake. Ilikuwa fupi, na aliisoma kama mtu anayesoma wosia wa jamaa yake.

Alipomaliza, Adela alisimama. Aliomba iandikwe kwamba mume wake alikuwa kazini. Mwenyekiti akasema itaandikwa. Adela akaomba aisikie ikisomwa, na karani akaisoma.

Mlangoni alimpita Lusungu, kisha akarudi hatua moja.

"Umenirudishia mume wangu," alisema. "Mungu akulipe. Lakini usije kwangu tena, dada. Sitaweza kukutazama."

Jumapili iliyofuata mchungaji aliteremka mpaka kijitoni akaomba radhi mbele ya ukoo, na kwaya ikaimba juu ya kaburi. Lusungu hakwenda. Upepo ulikuwa unatoka upande ule, na alizisikia sauti za besi zikiwa pungufu kwa sauti moja, akafunga dirisha.

8

Amri ya kuzima ilitoka mwezi uliofuata. Kila mwenye utando alitakiwa kufika hospitali ya mkoa wake, azimiwe kwa utaratibu na apewe fimbo nyeupe. Kwao walikuwa watu arobaini na mmoja. Waliketi kwenye mabenchi ya korido ndefu, na kila mmoja alikuwa anatazama kitu. Fundi cherehani mmoja mnene, jina lake Salome, alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, anautoa, anaupitisha tena. Mzee mmoja aligeuza kiti chake kabisa kuelekea dirishani, palipokuwa na mti wa kawaida tu na ukuta.

Mtu akauliza kwa hasira ni nani huyo dereva aliyekwenda kusema. Lusungu angeweza kunyamaza, hakuna aliyemjua.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyempigia kelele. Waliokaa benchi lake waliinuka mmoja mmoja wakahamia kwingine. Mwanamke mmoja alimwambia, bila kupaza sauti, kwamba ana mjukuu wa wiki tatu. Lusungu alimwambia pole, na pole ile haikutosha hata kufika upande wa pili wa korido.

Aliomba aingie wa kwanza. Daktari Sanga alimvisha mashine kichwani, akamwuliza kama yuko tayari, akabonyeza. Hapakuwa na maumivu. Uso wa daktari ulikatika katikati kana kwamba mtu amemwaga wino juu yake, kisha kingo nazo zikafifia zikawa moshi. Alichobakiwa nacho ni mwanga wa dirisha, na pembeni, vivuli. Muuguzi alimwekea fimbo mkononi, akamwongoza kurudi koridoni, akamketisha.

Jirani yake palikuwa na sauti ya karatasi. Ukurasa, kalamu inakwaruza, ukurasa tena. Alijua ni Mwalimu Tito kabla hajakohoa. Alikuwa amekuja na madaftari ya insha za darasa lake, na alikuwa anasahihisha. Hakumsemesha. Alisoma kwa kunong'ona, haraka, akirudia mistari fulani mara mbili, na kila alipomaliza daftari alilibamiza juu ya mengine.

Jina lake likaitwa.

"Yamebaki manne," Mwalimu alisema.

Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba watu ni wengi na foleni ni ndefu. Mwalimu akasema anaelewa, lakini watoto hao wanne watataka kujua wamepata ngapi, na hakuna mwingine atakayejua mwandiko wao. Kisha benchi likalia, na sauti nzito ya Salome ikasema, "Nitangulie mimi." Alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Angeweza kukaa na uzi wake mpaka jioni. Hatua zake zikapita, mlango ukafungwa. Alipotoka akiongozwa, mzee wa dirishani aliinuka bila kuitwa. Baada yake, yule mwanamke mwenye mjukuu.

Kalamu ilikwaruza, ikasimama, ikakwaruza. Insha ya mwisho ilikuwa ndefu. Mwalimu aliisoma yote kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa korido, pamoja na makosa yake, na alipofika chini akaandika alama, akaitaja: kumi na saba kati ya ishirini. Akafunga kalamu.

Lusungu alisikia akisimama, akisawazisha madaftari kwa kuyagonga kwenye goti. Kisha uzito wa madaftari ukatua mapajani mwa Lusungu.

"Yashike," Mwalimu alisema. "Nikitoka humo sitajua nimeyaweka wapi."

Aliyashika kwa mikono miwili. Mlango ukafunguliwa, na fimbo yake ikaanguka sakafuni, lakini hakuinama kuitafuta.